Besi Aliyoiosha Bibi

Mikumi
14 Aprili 2025

Mwanangu Goodhope,

Usicheke. Bibi amekaa hapa kando yangu anachambua mchele, na amesema barua isiyoanza na "mwanangu" haitapanda basi. Tangu Desemba tulipoanua matanga ya mjomba na wazee wakanirithisha jina lake, ndani ya nyumba hii mimi si Gerald tena. Mimi ni Beda. Kuna watu wenye mvi wananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba huku natafuta pa kujificha. Kule kwenye malori, Mungu anisaidie, bado ni Gerald Pancha, fundi wa matairi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu shuleni kwenu simu inakamatwa kama bangi. Barua anakuletea Kasian, konda wa basi la Kilosa. Ataiacha kwa mlinzi wa geti. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Jambo lenyewe ni gitaa la besi. Ile besi ya baba yako, niliyorithi pamoja na jina, jembe na kigoda, nimeamua kuiuza. Niliipiga picha nikaiweka mtandaoni: "Besi ya umeme, ya zamani, nyuzi nne, imetengenezwa Japani, ipo Mikumi." Nilitegemea nitapata wachekeshaji. Kumbe amenipigia mtu mzima, Bwana Herman wa Dar es Salaam. Ana studio na anakusanya vyombo vya zamani. Anaitaka kweli, ila anauliza maswali kama daktari. Ilitengenezwa mwaka gani? Ilinunuliwa wapi? Imewahi kupakwa rangi upya? Nani alikuwa akiipiga? Anasema besi yenye historia na besi isiyo na historia ni vitu viwili.

Mimi historia yake siijui. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na mjomba chumbani mlango umefungwa, sijui mlikuwa mnasoma nini. Niandikie ukurasa mmoja tu. Wewe ni mtu wa vitabu, hautakusumbua.

Bibi anakusalimu. Anauliza kama mnashiba huko.

Baba yako,
Beda (Gerald)


Kilosa
19 Aprili 2025

Kaka Gerald,

Shikamoo. Barua yako imefika salama. Mwambie Bibi shikamoo, na kwamba tunashiba, isipokuwa siku za maharage yenye wadudu.

Naomba radhi kwa kukuita kaka. Naijua desturi ya ukoo wenu, na siku ile ya Desemba nilikuamkia "baba" mbele ya watu kama nilivyoelekezwa. Kwa mdomo niliweza kwa sababu watu walikuwa wengi na hakuna aliyeniangalia. Kwenye karatasi nipo peke yangu na siwezi. Usinichukulie kuwa sina adabu.

Kuhusu historia ya besi, sikumbuki mengi. Baba alizungumza nami mambo mengi na mengine yameshapotea. Labda wale wa bendi wanajua zaidi. Mjomba Yared alipiga naye gitaa miaka mingi, na duka lake la kutengeneza redio lipo karibu na wewe.

Nilikuwa naomba, kama haitakuwa usumbufu, usubiri mpaka tufunge shule mwezi wa sita. Nikiwa huko huenda nikakumbuka.

Mimi mdogo wako,
Goodhope Beda
Kidato cha Tatu


Mikumi
25 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Kaka ni sawa. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea barua yako hivi: "Baba Beda, shikamoo." Akatabasamu, akaenda kulala. Dhambi hiyo ni yangu, wewe usiibebe.

Kusubiri mwezi wa sita siwezi. Bwana Herman anatoka Iringa, atapita hapa Jumamosi ya tarehe tatu Mei kuiona kwa macho. Mtu kama huyu akishapita hiyo barabara hageuki.

Kwa Yared nilikwenda. Anasema alikuta mjomba anayo tayari, hakuuliza ilikotoka. Nami sikutaka kukaa pale, ananiangalia kama nimevaa viatu vya mtu.

Nakuomba tena. Hata mistari mitano. Besi yenyewe usiwe na wasiwasi, ipo kwenye hali nzuri, imening'inia ukutani kwa Bibi juu ya debe la mahindi. Tangu siku ile Bibi alipoiosha haijashika vumbi kabisa, inang'aa.

Gerald


Kilosa
27 Aprili 2025

Kaka Gerald,

Shikamoo. Umeandika kwamba Bibi aliiosha. Aliiosha na nini? Kwa maji?

Siku ile nilikuwa ndani na mama na shangazi zake. Nilisikia maji yanamwagwa uani nikafikiri ni jembe na kigoda peke yake, kwa sababu ndivyo vitu vya marehemu vinavyooshwa kabla mrithi hajavishika. Sikujua kama na besi iliingizwa.

Kaka, ndani ya besi kuna nyaya nyembamba kuliko nywele, zimezungushwa kwenye sumaku. Sumaku hizo ndizo zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Maji yakikaa humo kutu inakula, na ikishakula hakuna sauti.

Nimekaa na barua yako kipindi chote cha kujisomea. Nitakwambia nilichokuwa nikifikiri, ingawa naona aibu. Nilifikiri ninyamaze. Besi ikifa, Bwana Herman hatainunua, na isiponunuliwa itabaki palepale ukutani. Nilikuwa tayari kuiacha ife ili isiondoke. Halafu nikamkumbuka Baba anavyoifuta kwa shati lake kuukuu kila akimaliza, hata siku zile ambazo alikuwa hawezi tena kusimama.

Kwa hiyo fanya hivi. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, usizikate. Fungua skrubu za lile bamba jeusi la mbele. Utaona vitufe viwili na nyaya zake. Usivute chochote. Usiianike juani kwa sababu shingo itapinda, iweke kivulini penye upepo. Kisha mpelekee Mjomba Yared ilivyo, yeye ana mashine ya kulehemu.

Na hii ndiyo historia. Ninaikumbuka yote, nilikudanganya. Baba aliinunua Morogoro kwa bendi ya hoteli iliyokuwa inavunjika. Wakati huo alikuwa utingo wa lori la miwa la Kidodi. Aliisafirisha juu ya tela tupu, ameifunga kwenye blanketi, na yeye mwenyewe alilala juu ya blanketi ili isirushwe na makorongo. Mwaka umeandikwa kwa penseli chini ya shingo, mahali inapokutana na ubao: 1974. Ule mduara mweusi kichwani ni moto wa sigara wa mwenye nayo wa kwanza, ambaye alizoea kuchomeka sigara kwenye nyuzi wakati wa kuimba. Baba alikuwa havuti. Haijawahi kupakwa rangi. Nyuzi zikichoka Baba alizichemsha kwenye sufuria dakika chache, akazikausha, zikarudi kulia kama mpya, kwa kuwa nyuzi za besi hazipatikani huku.

Sasa umepata zaidi ya ukurasa.

Goodhope


Mikumi
5 Mei 2025

Goodhope,

Kaa chini kwanza, barua hii ni ndefu.

Niliifungua kama ulivyosema. Pale chini ya lile bamba kulikuwa na kitu kama uji ulioganda. Unga wa mtama! Bibi aliiosha kwa maji yenye unga, kama jembe. Nikamwita.

"Bibi, nani alikwambia hiki kitu kinaoshwa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwanangu Beda. Miaka yote nyuzi zake alikuwa akizichemsha kwenye sufuria yangu ya ugali. Nimegombana naye mpaka nikachoka. Kama nyuzi zinapenda maji ya moto, mwili wake utakataaje maji ya baridi?"

Mpe jibu wewe uliyesoma fizikia.

Yared alikesha nayo. Alisugua kutu kwa mswaki, akalehemu waya mmoja, akaichomeka. Ikanguruma, Goodhope. Glasi zilitikisika kwenye kabati la mama jirani. Halafu Yared akaniangalia akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe siku ile ya Ruaha nusu ya kosa ilikuwa ya Bibi!"

Siku ya Ruaha sikukusimulia. Ilikuwa harusi mwezi wa pili, bendi ya kina Yared imealikwa. Mimi nimekwenda kula pilau kama watu wengine. Msema chochote akaniona, akashika kipaza sauti: "Beda amerudi! Beda yupo ndani ya nyumba!" Watu wakasimama. Wakanivisha shingoni mkanda wa besi ya mjomba, ambayo Yared alikuwa ameiazima kwa Bibi. Nikawaambia sijui. Mpiga ngoma akasema, "Acha maringo mjomba, anza." Nikaigusa. Ikatoka sauti kama lori linalokosa gia mlima wa Iyovi. Mama mmoja akapiga kelele, "Huyu Beda gani? Mrudisheni mlikomtoa!" Na mwingine, "Jina kapewa, vidole kanyimwa!" Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilicheka. Nikaivua, nikarudi Mikumi usiku uleule juu ya lori la vitunguu.

Tangu siku hiyo kila nikiiona ukutani naona watu wale. Ndiyo maana naiuza. Wewe labda ulidhani nina njaa ya hela. Jembe la mjomba nalima nalo, kigoda chake nakikalia, wale wanaohitaji kusuluhishwa nawasuluhisha ingawa wamenizidi umri. Hiyo besi tu ndiyo inayonikataa.

Bwana Herman alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Nikampa ile karatasi yako aisome. Alisoma mara mbili. Akafungua shingo mwenyewe, akaiona ile 1974 kwa penseli, akaigusa kwa ncha ya kidole kama mtu aliye kanisani. Alipoipiga nilitoka nje. Akaniuliza, "Aliyeandika haya ni mwanamuziki?" Nikamwambia ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa marehemu. Akasema, "Anayejua kwamba nyuzi hulegezwa kidogo kidogo, ameshazikaza." Ametaja bei nzuri. Atarudi tarehe kumi na saba kuichukua.

Sasa nakuuliza. Unaipiga? Mle chumbani mlango ulipokuwa umefungwa mlikuwa mnasoma kweli?

Najua kuna tatizo. Kwetu vitu vya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake, na wewe ni wa ukoo wa mama yako. Kumuuzia mgeni wa Dar naruhusiwa, hakuna atakayeniuliza. Kukupa wewe bure ni kukitoa kitu cha ukoo kwenda ukoo mwingine. Bibi na wazee wanaweza kuja juu, wakasema nimerithi jina halafu naanza kugawa mali. Lakini ukisema unaitaka, nitawakabili. Andika tu.

Unaitaka?

Gerald


Kilosa
9 Mei 2025

Kaka Gerald,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa yote uliyofanya, na umshukuru Mjomba Yared. Pole kwa yaliyokupata Ruaha. Wale watu hawakukutendea vema.

Kuhusu swali lako, Baba alinionyesha kidogo tu. Si kitu cha kuwafanya wewe na Bibi mkosane, wala wazee waseme vibaya juu yako. Umeshapata shida ya kutosha kwa ajili ya jina hilo. Tena huku shuleni nitaiweka wapi, bweni letu lina vitanda arobaini.

Bwana Herman anaonekana ni mtu anayejua thamani yake. Uza tu. Mimi sina neno.

Tunaanza mitihani wiki ijayo, niombee.

Goodhope


Mikumi
19 Mei 2025

Mdogo wangu,

Imekwenda. Bwana Herman aliiweka kwenye sanduku lenye sponji, akaifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mtoto. Nilisimama barabarani mpaka gari likapotea upande wa hifadhi. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nikarudi kwenye matairi, nikamfungia mteja gurudumu bila nati moja, nikatukanwa.

Jioni Bibi akaona ukuta mtupu.

"Iko wapi?"

"Nimeiuza, Bibi. Nilikwambia."

"Uliniambia mtu anakuja kuitazama. Na mtoto wa Beda amesemaje?"

Nikamtolea barua yako, nikamsomea, safari hii neno kwa neno, hata "kaka" sikuificha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Akasema uza."

Bibi akasonya. Unajua anavyosonya, kuku wanakimbia. Akasema, "Yule mtoto amelelewa na mwanangu. Ukimkaribisha chakula anasema ameshiba, hata kama tumbo linalia. Unamkaribisha tena, anasema ameshiba. Unamvuta mkono, ndipo anakaa anakula kuliko wote. Wewe umemkaribisha mara moja ukafunika chungu."

Nikamwambia niliogopa yeye na wazee. Akakasirika zaidi. "Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa naweka uji nje ya ule mlango! Unadhani nilikuwa sisikii? Mwanangu alipiga kwa kishindo, kidole chake kizito. Yule mwingine aliyekuwa anapiga baada yake alikuwa anapapasa kama anatafuta kitu gizani. Mwishoni, Beda alipokuwa hawezi kukaa, ni huyo tu niliyekuwa namsikia. Ningekataaje?"

Hela Bibi amezifunga kwenye pindo la khanga na amekataa zitoke hata kununua sukari. Anasema hajui ni za nini.

Mimi niliamini ulichoandika. Sasa sijui kama nilipaswa kuamini. Kama ulimaanisha, niambie, nitanyamaza. Kama hukumaanisha, kwa nini hukusema?

Gerald


Kilosa
23 Mei 2025

Kaka Gerald,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Msichana wa kitanda cha juu amelalamika kuhusu kelele za karatasi. Hii naipeleka ilivyo, hata ikiwa mbaya.

Sikumaanisha.

Kwa nini sikusema, nitajaribu kueleza. Mimi huwa nasubiri kuulizwa tena. Siyo kwa ujanja. Kila nikiulizwa ninachotaka, kitu cha kwanza ninachokiona ni shida atakayoipata mtu kwa kunipa, na jibu linatoka kabla sijaangalia upande wangu. Baba alilijua hilo. Aliniuliza kitu kimoja asubuhi, mchana, na usiku, kwa sauti ileile, bila kuchoka, kama mtu anayekaza nyuzi. Usiku ndipo nilipomjibu. Nilipopata barua yako nilijibu jibu la asubuhi, nikakaa nikisubiri ya mchana. Sikufikiri kwamba wewe si yeye na huna sababu ya kujua. Hilo ni kosa langu, wewe uliuliza vizuri.

Ndiyo, ninapiga. Tulikuwa hatusomi. Baba alinifundisha bila umeme, ili watu wasijue. Niliegemeza taya kwenye ubao wa juu nikasikia sauti kupitia mifupa. Mimi ndiye niliyeomba mlango ufungwe. Niliogopa kwamba watu wakijua watanisimamisha mbele, kama walivyokusimamisha wewe Ruaha. Baba alinicheka. Alisema mpiga besi anasimama nyuma, karibu na ngoma, na hakuna anayemtazama, ila akiacha kupiga ukumbi mzima unageuka kuuliza kumetokea nini. Alisema ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Miezi ya mwisho alikuwa analala ubavu, macho amefumba, anagonga ukingo wa kitanda kwa kidole nikikosea. Siku ya mwisho hakugonga. Sijui mpaka leo kama sikukosea au alikuwa amechoka.

Tangu azikwe sijagusa nyuzi. Huku napiga kwenye ukingo wa dawati na kwenye goti. Vidole vimeanza kulainika, ile ngozi ngumu inabanduka. Nikiiona inabanduka napata hofu ambayo siwezi kumweleza mtu hapa, kwa sababu hakuna anayejua ilitokana na nini.

Kwa hiyo sasa nasema mwenyewe, bila kuulizwa. Ninaitaka. Ninaitaka hata kama wazee watasema. Ninaitaka hata kama itakuletea shida, na nimekwisha kuifikiria shida hiyo, na bado ninaitaka.

Mwombe Bibi afungue pindo la khanga. Hela zote zirudi kama zilivyo. Nenda Dar es Salaam kwa Bwana Herman. Usiende kama mtu aliyegeuka kwenye mauzo, mweleze ukweli wote, hata unga wa mtama. Mtu aliyesoma barua ya mwanafunzi mara mbili anaweza kusikiliza. Akisema ameshaizoea, mwambie kuna mtu anaijua kwa taya. Akikataa, muulize tena mchana. Akikataa mchana, lala hapo, muulize usiku.

Nenda mapema, kabla hajabadilisha nyuzi. Kwenye zile bado kuna jasho la Baba.

Inawezekana atakataa mara zote. Ukirudi mikono mitupu niandikie hivyo hivyo, wala usinisomee kitu kingine. Nitalia, halafu nitafanya mtihani wa jiografia. Lakini nenda, kaka. Kasian anasubiri getini na basi linapiga honi.

Goodhope